Nilimtia mwanangu muuaji mfukoni!

Msomaji wangu, kisa cha leo kikinijia usiku nageuka upande wa pili. Mimi mtu mzima, mwenye ndevu zangu na kitambi changu, niliokota kwa mkono wangu mwenyewe kiumbe kinachoweza kuua mtu, nikakitia kwenye mfuko wa kaptura ya mwanangu wa miaka minane. Halafu nikampigapiga begani nikamwambia, "Haya, hilo pambo utampelekea mama yako." Usinicheke. Ungekuwa wewe ungefanya hivyo hivyo, tena ungetafuta na la pili.

Ilikuwa Jumapili. Tulikwenda kumjulia hali shangazi yangu kule Kimbiji, kusini ya Kigamboni. Sisi watu wa mjini tukifika pwani tunajua mambo mawili tu, kuchovya miguu na kula pweza. Shangazi yeye ni mtu wa mwamba. Amesomesha watoto kwa ndoo na kijiti cha kuchokolea pweza. Siku za bamvua, maji yanapotoka hasa, utamkuta kanga imekazwa kiunoni, viatu vya mpira miguuni, anakatiza juu ya mwamba kama wewe unavyokatiza Kariakoo.

Tukamfuata. Maji yamekupwa, mwamba uko wazi, kila kidimbwi kina mambo yake. Mtoto akaanza maswali. "Baba, huyu ni samaki?" Nikamjibu ni samaki wa aina yake. Akaona chenye miiba, nikamwambia huyo mdudu. Akaona kinachoteleza na kujikunja, nikasema huyo mnyoo. Samaki, mdudu, mnyoo. Kwa majibu hayo matatu nikadhani nimeimaliza Bahari ya Hindi yote.

Ndipo nikageuza jiwe moja, nikaliona. Gamba zuri ajabu, refu kama kiganja, limesokotwa juu na kuchongoka chini kama koni ya askrimu. Rangi yake nyeupe yenye wekundu wa kahawia, imechorwa mabakamabaka kama ramani ya dunia. Nikalifuta kwa shati, nikampa mtoto, tukaendelea na safari.

"Tupa! We mwana, tupa!"

Nilidhani shangazi kaona nyoka. Mama wa watu alikuja mbio juu ya mwamba unaoteleza, umri wake ule! Hakutia mkono mfukoni. Alishika kaptura ya mtoto kwa chini, akaivuta kwa mkupuo mmoja, kijana akabaki kama alivyozaliwa mbele ya wachokoaji wote. Kisha akaikung'uta kaptura kwa kile kijiti chake. Gamba likaanguka kwenye kidimbwi, pu! Tukasimama tunaangalia. Baada ya muda, kule kwenye ncha nyembamba kikachomoza kitu kama mrija, kikaanza kupapasa majini.

"Umemwona?" shangazi akaniuliza, anahema. "Huyo ana mkuki mdomoni. Mama yangu alinionya naye kabla sijajua kuhesabu. Wewe umesoma mpaka umeota kipara, hukuambiwa?"

Nikakosa la kusema. Mtoto alikuwa analilia kaptura.

MAFUNGU MANNE YA SHANGAZI

Jioni ile, mbele ya banda la jikoni, shangazi alimwaga ndoo yake juu ya gunia akaanza kupanga. Fungu la kwanza la kula, la pili la kuuza. Akanieleza kuwa huko mwambani yako mengine mawili ambayo hayaingii kwenye ndoo: la kuogopa na la kuacha likue. Hayo ndiyo mafungu yake manne, na kwa mafungu hayo ameishi miaka yote bila kuchomwa.

Nikarudi mjini nimeaibika. Nikaanza kuulizia, nikafungua vitabu, nikakuta kumbe hata wakubwa wa elimu waliwahi kuchemsha kama mimi. Carl Linnaeus, yule bingwa wa Sweden aliyewapa viumbe majina ya kitaalamu, katika kitabu chake cha mwaka 1758 aliwagawa wanyama wote wasio na uti wa mgongo katika makapu mawili tu: wadudu na minyoo. Basi! Pweza mnyoo, matumbawe mnyoo, chaza mnyoo. Mimi nilikuwa na makapu matatu, nimemshinda kwa moja.

Aliyekuja kuvunja makapu hayo ni Mfaransa Lamarck. Mwaka 1793 alikabidhiwa kufundisha habari za wadudu na minyoo kwenye jumba la makumbusho la viumbe mjini Paris, somo ambalo wenzake hawakuligombania. Yeye ndiye aliyewapa wanyama hawa jina moja la "wasio na uti wa mgongo", kisha akaanza kuwatenganisha kwa jinsi miili yao ilivyojengwa. Na si kundi dogo. Ukihesabu aina za wanyama wanaojulikana duniani, zaidi ya 95 katika kila 100 hazina uti wa mgongo. Sisi wenye mifupa, pamoja na samaki, ndege, ng'ombe na wabunge wetu, ndio wachache.

Sasa twende mwambani tuwapange upya. Wataalamu huyaita makundi haya makubwa faila. Mimi nitayaita koo, tuelewane.

KOO ZA MWAMBANI

Ukoo wa kwanza ni wa sifongo. Hana mdomo, hana tumbo, hana moyo, hana kichwa. Mwili wake ni matundu matupu. Anavuta maji kwa vitundu vidogo, anachuja chakula, anayatoa kwa tundu kubwa. Ukimwona utadhani ni mmea au kipande cha godoro, kumbe ni mnyama. Kule Jambiani, Zanzibar, wapo akina mama wanaomlima baharini kwenye kamba na kumuuza kwa watu wa kuogea.

Ukoo wa pili ni wa wenye kuwasha, nidaria kwa kitaalamu. Hapa yumo konyeza, yule anayeelea kama mfuko wa nailoni. Ngozi yake ina vifuko vidogo mno, na ndani ya kila kifuko umekunjwa uzi wenye sumu. Ukimgusa tu, nyuzi zinafyatuka. Tundu la kuingizia chakula ndilo hilo hilo la kutolea uchafu. Na matumbawe yamo humu humu! Lile unaloliona kama jiwe limejengwa na maelfu ya wanyama wadogo, ndugu wa konyeza, wanaojijengea nyumba za chokaa. Ndani ya miili yao wanafuga mimea midogo inayowalisha. Maji yakizidi joto wanaifukuza mimea hiyo, matumbawe yanageuka meupe, na joto likiendelea yanakufa. Mwaka 1998 bahari yetu ilipata pigo la namna hiyo, na sehemu nyingi za mwambao huu zilipoteza matumbawe mengi sana.

Ukoo wa minyoo nitaupitia haraka, maana najua wengine mnasoma huku mnakula. Wapo wengi mchangani, wengine wenye pingili na vinyweleo, wavuvi wanawachimba kuwa chambo. Walahi wapo na wanaopendeza, wenye mashada ya rangi kama maua ya plastiki.

Ukoo wa nne ndio wa kisa chetu: moluska. Hawa ni wenye mwili laini usio na pingili, na wengi wana gamba. Wamo konokono wote wa baharini, kauri na dondo, wamo chaza na kombe wenye magamba mawili kama kitabu. Halafu shika kiti, yumo na pweza! Pamoja na ngisi na dome. Gamba la ngisi limebaki ndani kama kipande cha plastiki, la dome ndilo lile jeupe tunalowatundikia ndege kwenye tundu, na la pweza wetu karibu limepotea kabisa. Pweza huyo ana mioyo mitatu na damu ya buluu, na sehemu kubwa ya neva zake iko mikononi, si kichwani. Ndiyo maana mkono wake uliokatwa bado unakukumbatia kwenye sufuria.

Ukoo wa tano ni athropoda, wenye gamba la nje na miguu ya viungo: kaa, kamba na kamba-koche. Wakitaka kukua lazima wavue gamba la zamani, ndipo unapokuta kaa laini amejificha kwa woga. Umewahi kuona vile vichuguu vyeupe vigumu vinavyong'ang'ania chini ya ngalawa na kwenye nguzo za gati? Mpaka miaka ya 1830 hata wataalamu waliviweka na konokono kwa sababu ya lile gamba. Walipochunguza watoto wake wakakuta wanaogelea kama watoto wa kamba. Kumbe ni kamba aliyejigundisha kichwa kwenye mbao, anakula kwa kupunga miguu! Charles Darwin alitumia miaka minane, 1846 hadi 1854, kwa wanyama hao peke yao. Mke wake alikuwa na subira.

Ukoo wa sita, ekinodemata, ni wa ngozi ya miiba. Wako baharini tu, hutawakuta ziwani wala mtoni. Hapa yumo kiti cha pweza, wamo wale weusi wenye miiba mirefu wanaotuharibia Pasaka, na yumo jongoo bahari. Alama yao ni namba tano. Kiti cha pweza ana mikono mitano, au zaidi kwa wengine. Jongoo ukimwangalia juujuu ni soseji iliyosahauliwa, lakini mwili wake nao umepangwa kwa mistari mitano. Wanatembea kwa vijiguu vidogo vinavyosukumwa na maji ndani ya mabomba ya mwili. Kiti cha pweza akitaka kula chaza anatoa tumbo lake nje na kulipenyeza ndani ya gamba. Jongoo, samahani kwa lugha, anapumulia njia ya haja kubwa. Ukimkera sana, wapo wanaokutupia utumbo wao wote, kisha wanaota mwingine.

SURA HUFICHA UKOO

Umeona mchezo huo? Konokono mwenye jumba lake na pweza asiye na nyumba ni ndugu. Mwenye gamba chini ya ngalawa si ndugu wa konokono. Jongoo anayefanana na mnyoo ni ndugu wa kiti cha pweza. Ukipanga kwa sura utaumbuka, na huko ndiko nilikoumbukia mimi. Niliona gamba zuri, nikaliweka kwenye fungu la mapambo.

Yule wa mfukoni jina lake la kitaalamu ni Conus geographus, kwa sababu ya ile michoro kama ramani. Mchana anajificha chini ya mawe, usiku anawinda samaki. Fikiria, konokono anakula samaki! Mbio hana, kwa hiyo amegeuza jino lake kuwa mkuki mdogo wenye tundu na kulabu, umejaa sumu. Anauchoma kwa mdomo mrefu unaojinyoosha. Samaki analegea pale pale. Hata pweza wetu ana sumu mateni ya kuwalegezea kaa, lakini kwa binadamu si tishio kama huyu ndugu yake.

Sumu hii inazima neva, misuli inalegea, na misuli ya kuvutia pumzi ikilegea mtu anakufa akiwa macho. Wapo wanaoamini ukimshika upande wa nyuma uko salama. Uongo mtupu! Ule mdomo unajipinda ukafika upande wowote wa gamba. Na dawa ya kuivunja sumu hiyo haipo mpaka leo.

Akichomwa mtu, usikate kidonda wala usinyonye. Mlaze, mtulize, asitembee. Mkono au mguu uliochomwa usichezeshwe, mfunge kwa kitambaa kipana na kijiti kama aliyevunjika, kisha mkimbize hospitali. Pumzi ikikatika mpulizie mdomoni bila kuchoka njia nzima, maana kazi ya hospitali nayo ni hiyo, kumsaidia kupumua mpaka sumu iishe nguvu. Mtu anaweza kupona kabisa, ilimradi asikose hewa.

Lakini Mungu hakuumba kitu bure. Wanasayansi huko Marekani, akiwemo Mfilipino Baldomero Olivera, walichambua sumu za koo hizi za konokono. Mwaka 2004 dawa iliyoigwa kutoka kwa konokono mwingine wa jamii hiyo, Conus magus, iliruhusiwa Marekani kwa wagonjwa wenye maumivu makali ambayo dawa nyingine zimeshindwa. Inaitwa ziconotide na inapitishwa kwenye maji ya uti wa mgongo. Hebu ona, asiye na uti wa mgongo anatibu uti wa mgongo wetu!

KILA UKOO NA DAWA YAKE

Niliporudi Kimbiji mwezi uliofuata nilikuwa najiona profesa. Nikamweleza shangazi koo zangu zote sita. Akasikiliza, akatafuna, kisha akaniuliza swali moja. "Mwanangu, hizo koo zako zinasemaje kuhusu majongoo? Mbona tuliacha kuwachukua lakini hawarudi?"

Akanisimulia. Zamani jongoo alikuwa kwenye fungu la kuacha. Nani ale kitu kile? Wakaja wanunuzi, ikasemekana Wachina wanampenda akikaushwa, akahamia fungu la kuuza. Watu walijaza ndoo mpaka usiku kwa taa. Baada ya miaka michache mwamba ukawa mweupe.

Kwa mara ya kwanza elimu yangu ikawa na kazi. Jongoo hamtafuti mwenzake. Dume na jike wanamwaga mbegu na mayai majini, vikutane vyenyewe. Wakiwa wengi karibu karibu, vinakutana. Wakibaki wawili watatu, mmoja huku mwingine kule, mayai yanapotea bure. Kwa hiyo hata ukiacha kuvua, waliobaki wanazeeka bila watoto. Na ukimwondoa umemwondoa mfagizi, maana kazi yake ni kula mchanga, kumeza uchafu wake na kuutoa safi. Mwaka 2019 nchi za dunia zilikubaliana kuidhibiti biashara ya aina kadhaa, wakiwemo wale wanaoitwa pauni, na masharti yakaanza 2020. Huko Madagascar na Zanzibar wengine wameamua kuwafuga.

Pweza ni hadithi nyingine. Huyu anakua haraka mno na maisha yake ni mafupi, mwaka mmoja na ushei. Jike linataga mara moja tu, linalinda mayai bila kula, yakianguliwa linakufa. Kwa ukoo wa namna hiyo, kuufunga mwamba kwa miezi michache kunatosha kuona tofauti. Wanakijiji wa Andavadoaka, Madagascar, walianza hivyo mwaka 2004, na walipofungua walikuta pweza wakubwa. Kisiwa Panza huko Pemba nao wamefuata njia hiyo. Lakini ukichukua dawa ya pweza ukampa jongoo, utafungua baada ya miezi mitatu ukute mchanga mtupu.

Na sisi wanunuzi wa mapambo tusijifanye hatumo. Lile konokono kubwa la baharini linalopulizwa kama baragumu ni miongoni mwa wachache wanaomla kiti cha pweza mwenye miiba ya sumu, yule anayekula matumbawe. Ukiliweka juu ya televisheni yako, umeondoa askari mwambani.

Shangazi alinyamaza kidogo. "Basi hicho ndicho nilichotaka kujua," akasema. "Mimi nilijua nani wa kumwogopa. Sikujua nani wa kumsubiri, na kwa muda gani."

Nikamjibu, "Na mimi, shangazi, ningejua hayo yote kasoro lile la kwanza, leo ningekuwa nimefiwa."

Ndipo tukakubaliana: mafungu yake manne na koo zangu sita viende pamoja. Vitabu vina mambo ambayo ndoo haina, na ndoo ina mambo ambayo vitabu vilinifikia kwa kuchelewa. Wewe unayesoma hapa, ukimpeleka mwanao mwambani kumbuka machache. Ukigeuza jiwe lirudishe kama lilivyokuwa, maana chini yake ni nyumba ya mtu. Gamba lenye umbo la koni usilishike, hata kama limenyamaza. Na usimjibu mtoto "huyo mdudu tu" kwa sababu hujui. Sema hujui, mkaulize wenye mwamba.

Yule muuaji, mkinitaka ukweli, shangazi hakumponda. Alimsukuma kwa kijiti mpaka chini ya jiwe lake, akasema, "Kila mtu kwao."

Mwanangu siku hizi tukienda soko la samaki Feri ananitia aibu. Juzi kamwambia muuzaji, "Huyu pweza si samaki, ni ndugu ya konokono." Muuzaji kanitazama, akapunguza bei kwa kicheko. Na lile pambo la mama yake? Nililipia mwenyewe dukani: doti ya kanga. Haina mkuki, lakini jina lake nililisoma mara mbili kabla ya kununua.